Kitunguu au Mjane

Nina mgeni hasemi neno, lakini akiingia nyumbani supu hupoa, maziwa hufurika jikoni na anayeitwa haitiki. Ni nani? Msihangaike, jibu nitawapa mwenyewe, maana leo sina subira. Ni kitabu.

Mwaka ule mgeni huyo aliingia karibu kila nyumba ya mji wetu wa Tunja. Aliitwa *Ngazi ya Ukungu*, na jina la mwandishi juu ya jalada lilikuwa R. Monguí, mtu ambaye hakuna aliyemfahamu. Ilikuwa hadithi ya chuo kikuu kilichojengwa mlimani kwenye baridi, na ingawa hakikutajwa jina, sisi sote tulikijua: mbwa wanaolala mlangoni mwa maktaba, wanafunzi wanaojifunika ruana za bibi zao, yale mablanketi ya sufu ya kuvaa mabegani, na ukungu unaoshuka saa ya kutoka darasani. Humo kitabuni wanafunzi wanakutwa wamekufa mmoja mmoja chini ya ngazi, na kila marehemu ameachiwa kitendawili chini ya mlango wake. Vitendawili! Mimi Custodia nilikuwa nimeshanaswa kabla maiti wa kwanza hajapoa.

Macho yangu hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo nilisomewa. Msomaji wangu alikuwa Leonel Sichacá, mhadhiri wa fasihi, mchumba wa mjukuu wangu Anayibe. Kijana mrefu, mwenye sauti ya padri na vidole vya mtu asiyewahi kumenya kiazi. Alikuwa akija Jumamosi alasiri, ananisomea sura moja hapa jikoni, na mara kwa mara anakatiza hadithi na kujipiga kofi gotini.

"Bibi, huyu mhadhiri wa kitabuni namjua!" alikuwa akisema. "Huyu ni Ovalle wa idara yetu. Sikiliza anavyovua miwani kabla ya kumkosoa mtu. Sikiliza anavyofurahia sauti yake mwenyewe! Ovalle mtupu!"

Akisema hivyo, miwani yake iko mkononi.

Anayibe naye huwa upande wa pili wa meza, anasahihisha kazi za watoto wa shule anayofundisha, hainui kichwa. Nilidhani ni haya za msichana anayekaribia kuolewa. Masikini mimi.

Jumapili ya posa ilifika na manyunyu. Nilikuwa nimepika cuchuco, ile supu nzito ya ngano na mfupa wa mgongo wa nguruwe, ambayo ndiyo niliyowauzia wanafunzi maisha yangu yote na ndiyo iliyomsomesha Anayibe tangu mama yake alipoondoka. Doña Berenice, mama yake Leonel, alikuwa amekuja kutoka Duitama. Mumewe anaumwa mguu, kwa hiyo alikuja yeye kuposa, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja basi.

"Nyumba ndogo, lakini ina joto," alisema.

"Joto ni la jiko, doña. Lete ruana yako niitundike."

"Nitabaki nayo."

Nikajua kazi ipo. Nilikuwa nimeshasikia kwamba alimtakia mwanawe binti wa daktari, siyo mwalimu wa watoto wadogo aliyelelewa na muuza supu.

Ndipo Anayibe akaingia na gauni lake la rangi ya kahawia iliyokolea, nywele kaziachia mabegani. Leonel alimtazama kama mtu aliyefika nyumbani kwake gizani akakuta taa imeshawashwa. Anayibe naye akamtazama, kisha akashusha macho upesi, kama anayeficha kitu nyuma ya mgongo. Niliona. Sikuelewa.

"Mama, utasema baada ya supu," Leonel alimnong'oneza mama yake.

"Nitasema nikiwa tayari. Mimi siyo redio."

Mfupa ulikuwa haujaiva. Ili watu wasiendelee kutazamana kama mahakamani, nikasema, "Leonel mwanangu, hebu tusomee kidogo."

"Leo tena?" Anayibe aliruka. "Bibi, leo ni siku ya watu!"

"Watu ndio sisi hawa."

"Siku ya posa kusomewa maiti!" doña Berenice akasema. "Na hasa baada ya unyama aliofanyiwa yule mbwa wa maktaba..." Akafunga mdomo ghafla.

"Mbwa wa kitabuni umemjulia wapi, mama?"

"Nimesikia tu. Watu wanaongea sokoni."

Leonel alikitoa kitabu ndani ya koti. Pembe zake zilikuwa zimekunjika na jalada limepasuka, kama kitu kilichookotwa barabarani.

"Bibi yangu, nimekukosea adabu," alisema. "Nimeshindwa kungoja. Nimekimaliza peke yangu."

"Msaliti!"

"Nisamehe. Adhabu nimeshaipata. Tangu nikimalize sijui kama nimefurahi au nimepigwa. Nakipenda na ninakichukia. Nilipofika katikati nilikisifu mbele ya darasa langu zima, nikawaambia huyu Monguí anajua kumshika msomaji ukosi. Halafu nikafika mwisho. Nikakitupa ukutani. Nikaenda nikakiokota, nikausoma mwisho tena, nikakitupa tena."

"Kina kosa gani?" Anayibe aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Kimenidanganya, mpenzi! Yule Lucrecia, mchumba wa mhadhiri, yule mpole anayemimina kahawa, kumbe ndiye..."

"Leonel!" nikagonga sufuria kwa mwiko. "Usithubutu! Mimi sijafika huko!"

"...ndiye muuaji!"

Nilikaa chini. Lucrecia? Yule mtoto niliyekuwa nikimtaja kwenye rozari yangu asije akauawa? Nilihisi kama mtu aliyemkaribisha jirani chai, kisha akaona jirani anaondoka na kuku wake chini ya ruana.

"Lo! Umeniharibia," nikasema. "Na umenishtua. Amewaua kwa kosa gani?"

"Walicheka," Leonel alisema. "Mhadhiri alikuwa akimkosoa mchumba wake mbele za watu, mambo madogo tu, na watu wakacheka kidogo. Basi kila aliyecheka, ukungu ukishuka, anaanguka kwenye ngazi. Na mhadhiri hajui kitu! Anamwoa! Ukurasa wa mwisho yeye amelala fofofo, na mwanamke yuko macho kando yake, anamtazama koo."

"Lakini kwa nini hakumwua yeye?" doña Berenice akauliza, amesahau kabisa kwamba hajakisoma. "Ndilo swali langu."

"Ndilo swali la kila mtu, mama! Mwandishi hasemi!"

"Labda anampenda," Anayibe alisema.

"Kumpenda!" Leonel akacheka. "Mwandishi huyu hajui mapenzi. Namwona kabisa: mwanamume mpweke, chumba chenye unyevu huko Bogotá, hajawahi kushikwa mkono. Kipaji anacho, tena cha kutisha, sikatai. Lakini moyo wake mgonjwa. Mtu aliyeweza kuandika ukurasa ule, mimi nisingekaa naye meza moja."

Anayibe aliweka kikombe chake cha panela, maji ya moto ya sukari guru, mezani taratibu sana, kama kwamba meza ilikuwa ganda la yai.

"Tena siyo mtu wa huku," Leonel aliendelea, na sasa alikuwa amechangamka kama yuko darasani. "Nimemshika kwa kosa moja ambalo mtu wa mkoa wetu wa Boyacá hawezi kulifanya hata akiwa amelewa. Sikilizeni." Akafungua kitabu. "'Amevaa nguo juu ya nguo, na amvuaye hulia.' Mama, jibu?"

"Kitunguu," alisema doña Berenice. "Hata mtoto wa Samacá aliyeko tumboni anajua."

"Naam! Na Monguí kaandika nini? 'Jibu: mjane.' Mjane! Kwenye nchi ya vitunguu! Wanafunzi wangu walicheka mpaka..."

Mwiko ulinitoka mkononi ukaangukia ndani ya sufuria, supu ikanirukia usoni, na wala sikusikia moto.

"Bibi!" Anayibe alisimama.

"Nani amemwambia?" nikauliza. "Nani amemwambia huyo Monguí maneno ya Aristóbulo wangu?"

Nawaapia, niliuliza kwa ujinga wangu tu, sikuwa na hila yoyote.

"Maneno ya nani?" Leonel bado alikuwa na kicheko midomoni.

"Ya marehemu mume wangu. Mimi nilifiwa na mume wa kwanza bado msichana, huko huko Samacá. Nikavaa nyeusi juu ya nyeusi, shali juu ya shali. Aristóbulo akaja kununua vitunguu. Nikamtegea hicho kitendawili ili aondoke, maana alikuwa akinitazama mno. Hakutazama vitunguu. Alinitazama mimi, akasema, 'Ni mjane.' Nikacheka, nami nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Basi ndani ya nyumba hii jibu ni mjane. Lakini nje sikuwahi kumwambia mtu. Hicho sikitegi kwa wageni."

"Pengine marehemu alimsimulia mtu, bibi."

"Marehemu alikuwa na haya hata mbele ya kuku. Wanaolijua jibu hilo ni watatu. Mmoja yuko makaburini. Wa pili ni mimi, na mimi nikiandika jina langu tu natoka jasho."

Nilikuwa bado nahesabu vidoleni, mjinga mimi, namtafuta wa tatu, nilipoona doña Berenice ameshageuza shingo. Leonel naye akageuka. Anayibe alikuwa amesimama vilevile, mkono mmoja juu ya meza, na rangi yote imemtoka usoni.

"Monguí ni mimi," alisema.

Supu ilichemka peke yake. Leonel alivua miwani, kama anavyofanya siku zote akitaka kusema neno la maana. Akaangalia miwani yake mkononi. Nikaona kabisa wazo likimpanda usoni, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Yule mhadhiri..." alisema. "Ni Ovalle. Siyo? Niambie ni Ovalle."

"Ovalle sijawahi kumwona hata sura."

Aliivaa miwani upesi kama kwamba ilikuwa imemuunguza.

"Wewe," alisema.

Niwaambie jambo moja. Kwetu mpendwa haitwi wewe. Mama, mume, mchumba, hata mbuzi ukimpenda, unamwita sumercé, na neno hilo ni kama kumfunika mtu blanketi. Tangu nimjue Leonel hakuwahi kumwita mjukuu wangu vinginevyo. Neno lile "wewe" liliingia jikoni kwangu na baridi yote ya nje.

"Wewe umekaa hapo miezi yote hii," alisema, "unanisikiliza nikimcheka yule mtu, na unajua ninajicheka mwenyewe!"

"Nilitaka kukuambia kila Jumamosi."

"Ukaacha kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakipenda." Macho yake yalijaa. "Ilikuwa mara ya kwanza kunisoma ukiwa huna kalamu mkononi. Nikasema, acha niipate na Jumamosi hii. Na ijayo."

"Ningekisoma hata kama..."

"Hapana, Leonel. Nilikupa hadithi yangu ya kwanza pale kwenye benchi la uwanja wa Bolívar. Umesahau? Ulinirudishia imejaa wino mwekundu."

"Nilikuwa nakusaidia!"

"Ulisema sarufi nzuri, lakini haina damu. Sawa, ningevumilia. Lakini ukaenda kuwasimulia rafiki zako pale mkahawani, nami nimekaa papo hapo na juisi yangu. Wakacheka."

"Walicheka kidogo tu!"

"Ndiyo. Kidogo tu," alisema Anayibe. "Nimewaua wote."

Doña Berenice akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilishika ukingo wa jiko. Yule mtoto niliyemfundisha kumenya njegere, niliyemfunga nywele, asiyeweza hata kumchinja kuku siku ya Krismasi!

"Unasikia maneno yako?" Leonel alisema, na sauti ya padri ilikuwa imekatika vipande. "Siku ile tunatoka Villa de Leyva, nimesinzia kwenye basi, kichwa changu begani kwako. Ulikuwa unawaza nini? Koo langu?"

"Nilikuwa nawaza kwamba ukilala hunikosoi. Na kwamba unapendeza. Yote mawili kwa pamoja. Je, hilo liko katika vitabu vyako?"

"Usinitanie!"

"Sikutanii. Yule Lucrecia siyo mimi. Ni yule ambaye ningekuwa kama ningeendelea kunyamaza. Kila neno alilolimeza lilitoka limekuwa maiti. Mimi yangu niliyatoa kwenye karatasi, ili nibaki na wewe na usije ukaona usoni kwangu."

"Ubaki na mimi! Huo ndio upendo wako? Mji mzima unanicheka!"

"Mji mzima unamcheka Ovalle," nikasema. "Umeutangazia mwenyewe."

Haikuwa saa ya mzaha, najua. Ilinitoka.

Ndipo doña Berenice akasimama. Nikasema moyoni, basi, posa imekufa, atachukua mkoba wake na kijana wake, na mjukuu wangu atabaki hapa akisahihisha kazi za watoto wa wenzake. Mkoba aliuchukua. Akaufungua, akatoa kitabu cha sala chenye jalada la ngozi. Akaliondoa jalada. Ndani yake kulikuwa na *Ngazi ya Ukungu*.

"Mama!" Leonel alisema.

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili nilikisoma kanisani." Akamgeukia Anayibe. "Baba yake huyu ananisahihisha tangu siku ya harusi. Ninavyotamka. Ninavyokata jibini. Nikiwapigia wageni hadithi, anaimaliza yeye kwa sababu mimi naikosea. Nilipofika ukurasa wako wa mwisho nilizima taa, nikamsikiliza anavyokoroma, nikacheka peke yangu mpaka nikajiogopa. Asubuhi yake nilimwambia jibini akate mwenyewe. Mara ya kwanza."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alikata vibaya." Akajifuta pua. "Doña Custodia, nilikuja hapa kuposa mwalimu wa watoto ambaye sikumtaka. Huyo simposi tena. Namposa huyu ninayemwogopa. Kama mwanangu atamfaa."

Jamani! Mimi nimeona mengi, lakini mama mkwe aliyemgeukia mwanawe mwenyewe siku ya posa sijawahi.

"Ila binti yangu," aliongeza, "mbwa yule alikukosea nini?"

"Alikuwa anabweka, doña. Hakucheka, lakini alibweka."

"Mwenye kuoa ni mimi!" Leonel alipiga meza. "Na sijui tena ninamwoa nani!" Alichukua koti lake, akajigonga bega mlangoni, akatoka kwenye manyunyu bila kofia.

Mlango ulijirudi polepole. Tulitazama hatua zake zikipita dirishani, kisha zikaisha.

Anayibe hakumkimbilia. Alimshika doña Berenice mikono yote miwili.

"Posa yako naiheshimu mno," alisema. "Lakini siwezi kuolewa na mama wa mtu."

Doña Berenice akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akaivua ruana yake mwenyewe, akaitundika msumarini, akakaa vizuri kwenye kiti.

Nilimvuta mjukuu wangu kando ya jiko. Mikono yake ilikuwa barafu.

"Hata mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetaka kujua muuaji ni nani."

"Kweli." Nikamfuta uso kwa aproni. "Na babu yako ukamweka humo, na jibu lake."

"Nilitaka kuwe na kitu kimoja cha mapenzi humo ndani, bibi, hata kama hakuna atakayekiona."

Nilijigeuza nikakoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nampenda mjukuu wangu kuliko pumzi, lakini nitasema kweli: nilipomtazama tena, nilimtazama kama ninavyolitazama shimo la kisima. Mtoto nimemlea mwenyewe, na ndani yake kumbe kulikuwa na ngazi zote zile.

"Utamngoja?" nikamuuliza.

"Nimemngoja miaka miwili aseme jambo moja. Asiposema leo, sitamngoja tena."

"Jambo gani?"

"Nikikutajia, halitakuwa na maana akilisema."

Basi tukakaa, wanawake watatu, na mfupa ukaiva, na hakuna aliyepakua. Doña Berenice alianza kuniuliza ninaiweka lini ngano, nami nikamjibu, lakini masikio yetu sote yalikuwa mlangoni. Mara tukasikia viatu vilivyojaa maji.

Leonel alisimama kwenye kizingiti. Nywele zilikuwa zimemlalia usoni na miwani imejaa matone hata macho yake hayakuonekana. Hakuivua.

"Nimefika mpaka kona ya kanisa," alisema. "Nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzima ya kukusomesha kuhusu uaminifu."

Anayibe aligeuka akamkabili.

"Halafu nikasimama, kwa sababu nilijisikia nikiongea. Nikamsikia yule mhadhiri wa kitabuni. Nilikudanganya hapa, Anayibe. Sikukasirika kwa sababu ya maiti. Wala kwa sababu ya miwani, ingawa hiyo miwani tutaizungumza. Kile kitabu nilikitupa ukutani nikiwa bado sijui ni cha nani. Unajua nilikitupa kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa wivu. Nina riwaya yangu kwenye droo tangu nikiwa mwanafunzi. Hakuna anayejua, hata mama. Ina sarufi nzuri sana." Akasita. Sauti ilimtoka kama mtu anayejing'oa jino. "Haina damu. Na chako ni kizuri. Hilo ndilo linaloniua. Ni kizuri, na mimi siwezi."

Mjukuu wangu alijishika kwenye kiti.

"Sema tena."

"Mimi siwezi."

"Siyo hilo. La mbele yake."

"Ni kizuri."

"Bila lakini?"

Nilimwona kijana wa watu akitafuta lile lakini kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa funguo mfukoni. Hakulitoa.

"Bila lakini," alisema.

Anayibe alikaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi, akajifunika uso kwa viganja, akalia kilio ambacho hata siku ile mama yake alipoondoka hakukilia. Leonel alivuka jikoni, akapiga magoti mbele yake, maji yakimtiririka kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki asubuhi. Hakumgusa. Walikuwa karibu hivi, pua kwa pua, na nyuso zao zilikuwa za watu walioonana kwa mara ya kwanza, na kila mmoja ameshtushwa na mwenzake.

"Nakuogopa," Leonel alimwambia.

"Hata mimi nakuogopa. Kila unapovua miwani."

"Utaolewa na mwoga?"

Mimi nilishika rozari yangu ndani ya mfuko, ile ile niliyokuwa nimemwombea Lucrecia bure.

"Kuna kitabu cha pili," Anayibe alisema. "Wachapishaji wa Bogotá wamekiomba. Nimeshafika mbali."

"Cha pili!" Macho ya Leonel yaliwaka nyuma ya yale matone. "Niletee. Nitakipitia chote, mstari kwa mstari, nitakusaidia kwenye..." Na mkono wake, bila yeye kujua, ukaanza safari ya kwenda mfuko wa koti panapokaa kalamu.

Anayibe aliutazama ule mkono. Mkono ukasimama njiani, ukakaa hewani kama ndege asiyejua atue wapi, kisha ukarudi gotini.

"Nitaolewa nawe, Leonel," alisema. "Nimetaka tangu siku ile ya benchi, hata na wino wako mwekundu. Lakini cha pili utakisoma kikishatoka, kama watu wote."

Lilikuwa neno gumu kwa mtu wa namna yake. Nilimwona akilipokea, likateremka kooni, likafika. Akainamisha kichwa.

"Haya," alisema. "Haya. Ila niambie jambo moja tu, nipate usingizi. Yule mhadhiri, humo kwenye cha pili. Asubuhi anaamka?"

Anayibe alijifuta machozi kwa ncha ya gauni. Akamtazama, na kwenye pembe ya mdomo wake kukazuka tabasamu ambalo mimi, bibi yake, sikuwahi kuliona.

"Nunua," alisema.